Watoto Wetu Wanakula Nini Shuleni, na Wanacheza Saa Ngapi?





Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuneemesha kwa watoto na akatupa jukumu la kuwalea. Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo haliguswi sana katika vikao vyetu. Tukikutana na mwalimu wa shule, tunamuuliza mtoto amepata alama ngapi. Tukikutana na ustadhi, tunamuuliza mtoto amefika sura gani. Ni nadra sana kumsikia mzazi akiuliza: mwanangu anakula nini akiwa hapa? Anapata muda gani wa kukimbia na kucheza?

Rai yetu ni hii. Shule na madrasa zetu za Asiatique, Buyenzi na Bwiza zinapaswa kumpatia mtoto chakula chenye afya na muda wa kuuchezesha mwili, na sisi wazazi tuna wajibu wa kushirikiana nazo ili jambo hilo liwezekane. Tusipofanya hivyo, chakula cha mtoto kitaendelea kuamuliwa na sarafu aliyonayo mfukoni na kile kilichopangwa mbele ya lango la shule.

SIKU YA MTOTO WA MTAANI KWETU

Hebu tuifuate siku ya mtoto wa kawaida wa hapa mjini. Anaamka kwa sala ya Alfajiri, anakunywa chai yenye sukari nyingi na andazi moja, kisha anaondoka. Wapo wanaoondoka bila hata hiyo chai. Kengele ya mapumziko ikilia, anakimbilia langoni na faranga alizopewa nyumbani. Pale anakuta mandazi, sambusa, biskuti, peremende na barafu za rangi. Mwenye pesa zaidi ananunua soda. Akishakula hivyo anarudi kwenye dawati.

Tangu mwaka 2005, karo ya shule ya msingi ilipoondolewa nchini Burundi, watoto wengi walipata nafasi ya kusoma, alhamdulillah. Lakini madarasa yalijaa, na shule nyingi husomesha kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Mtoto wa zamu ya asubuhi akitoka shule anakula haraka haraka nyumbani, kama chakula kimeiva, halafu anakwenda madrasa. Huko anakaa tena. Jioni anarudi kufanya kazi za shule, akimaliza anashika simu ya mama au anakaa mbele ya televisheni. Ukizijumlisha saa zake za kukaa kitako, utashangaa. Huenda safari ya kutoka nyumbani hadi shule ndiyo mazoezi yake yote ya siku.

Na mtaa wetu wenyewe hausaidii. Asiatique ulipangwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu: duka chini, makazi juu au nyuma yake. Mpaka leo ni mtaa wa maduka, maghala na malori yanayoshusha mizigo. Mtoto akitoka nje na mpira, mzazi anamwita arudi ndani asije akagongwa. Hatumlaumu mzazi huyo. Lakini ikiwa nyumbani hakuna mahali pa kuchezea na barabarani hapana usalama, basi mahali panapobaki ni shuleni. Na shule nayo ikimwambia akae kimya, je, mtoto huyu atacheza wapi?

NJAA MBILI KATIKA MJI MMOJA

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanyika Burundi mwaka 2016-2017 ulikuta kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani urefu wao uko chini ya ule unaotakiwa kwa umri wao. Hali ya mjini ni afadhali kuliko ya mashambani, lakini jambo hili si geni kwetu. Kumbukeni pia kwamba watoto wa rika lile lililopimwa sasa ni wanafunzi. Ndio waliomo madarasani mwetu.

Kudumaa hakutokani na kukosa cha kujaza tumbo peke yake. Mtoto anaweza kushiba ugali wa muhogo kila siku na bado akakosa protini, madini ya chuma na vitamini. Ndiyo maana tunasema njaa ni mbili. Ipo ya tumbo tupu, na ipo ya tumbo lililojaa vitu visivyojenga mwili.

Chukueni mfano wa soda. Chupa moja ya sentilita 33 ya soda nyingi za kawaida ina takriban gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vidogo vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi sehemu 10 kwa 100 ya nguvu zote anazopata mtu kwa siku, na ikipungua hadi 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,500 hivi kwa siku, chupa moja tu inakaribia kumaliza kiwango chote. Bado hatujahesabu chai ya asubuhi, biskuti na barafu.

Kila ukoo hapa mtaani una mzee mwenye ugonjwa wa sukari au presha. Tunawapeleka kliniki, tunanunua dawa kwa tabu, na tunawakataza hiki na kile wakiwa na umri wa miaka 60. Ulimi uliozoeshwa sukari tangu utotoni hauachi kirahisi uzeeni. Kinga ya kweli inaanzia kwa mtoto wa miaka saba.

Na kwa upande wa mazoezi, Shirika hilo hilo linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili kwa nguvu: kukimbia, kuruka, kucheza mpira, kuendesha baiskeli. Uchunguzi wa nchi nyingi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba zaidi ya vijana 80 katika kila 100 wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Kwa hiyo hili si tatizo letu peke yetu, lakini dawa yake lazima ianzie kwetu.

CHAKULA KIZURI KIKO KARIBU NASI

Wapo wanaodhani kwamba chakula chenye afya ni chakula cha kigeni, cha kununuliwa kwenye duka kubwa kwa bei kubwa. Sivyo hata kidogo. Ingia soko la Ruvumera uone. Maharagwe yapo, na Warundi tunajulikana kuwa miongoni mwa watu wanaokula maharagwe mengi zaidi duniani. Ndagala wa Ziwa Tanganyika wapo: huyu ni samaki mdogo anayeliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo anampa mtoto protini na pia madini ya kujenga mifupa na meno. Lengalenga zipo, sombe ipo, avoka, ndizi, maembe na machungwa yapo kwa msimu wake.

Sahani ya wali au ugali, maharagwe, mboga za majani na kijiko cha ndagala ni mlo kamili. Akimalizia kwa kipande cha chungwa, ni bora zaidi, kwa sababu matunda yenye uchachu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga. Chai inafanya kinyume chake: ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo. Jambo hili ni muhimu hasa kwa mabinti zetu waliobaleghe, ambao hupoteza damu kila mwezi. Binti anayechoka na kusinzia darasani si lazima awe mvivu. Huenda damu yake imepungua.

MWILI NI AMANA

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa na akatukataza israfu. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuligawa tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Alitufundisha pia kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Na imepokewa kwamba yeye mwenyewe alishindana mbio na mama yetu Aisha (R.A.). Basi asiseme mtu kwamba michezo ni upuuzi unaomwondoa mtoto kwenye dini. Mtoto mwenye mwili mzima ndiye anayeweza kuamka Alfajiri, kufunga Ramadhani akifika umri wake, na kuhifadhi Qur'ani bila kusinzia.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Hapa hapa Burundi tunao mpango wa taifa wa kantini za shule, unaoungwa mkono na Shirika la Chakula Duniani, PAM. Katika mikoa ya zamani kama Kirundo, Ngozi, Muyinga na Gitega, watoto wamekuwa wakipikiwa chakula cha moto shuleni. Mpango huo umeelekezwa zaidi mikoani, penye upungufu mkubwa wa chakula, na ni haki iwe hivyo. Mtaa wa maduka na maghala ya chakula haupaswi kugombania sahani ya mtoto wa Kirundo. Lakini tunaweza kujifunza kutoka kwao kwamba sufuria moja kubwa, wapishi wachache na wazazi wenye nia vinatosha kuanzia.

Majirani zetu wa Rwanda wameupanua mpango wa chakula cha shule tangu mwaka 2021 ili ufike katika shule zote za msingi na sekondari za serikali: serikali inatoa fungu lake na wazazi wanachangia lao. Nairobi, nchini Kenya, mpango wa Dishi na County ulianzishwa mwaka 2023. Chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja na kupelekwa shuleni, na mtoto analipa shilingi 5 za Kenya tu. Sehemu iliyobaki inalipwa na kaunti pamoja na shirika la Food4Education, ambalo lilianza kazi hiyo mwaka 2012 na jiko dogo huko Ruiru.

Sisi hatuna bajeti ya kaunti. Lakini tuna wafanyabiashara wa nafaka, tuna misikiti yenye sufuria za walima na maulidi, na tuna mama zetu wanaojua kupikia watu mia tano bila kutetemeka. Tukiweza kupika pilau ya harusi kwa mtaa mzima, je, tutashindwa kupika maharagwe ya watoto?

HOJA TUNAZOZISIKIA

Ya kwanza: "Hali ni ngumu, hatuna pesa." Ni kweli hali ni ngumu, na bei zinapanda. Lakini tufanye hesabu. Ikiwa mtoto anapewa faranga 500 kila siku ya shule, kwa siku tano ni faranga 2,500. Watoto 40 wa darasa moja wanafikisha faranga 100,000 kwa wiki. Pesa hizi tayari zinatoka mifukoni mwetu, ila zinaishia kwenye sukari na unga uliokaangwa. Hatusemi zinatosha kulisha darasa kila siku. Tunasema zinaweza kuanzisha mlo wa siku mbili kwa wiki, kwa faranga 1,250 kwa sahani, na kila mwenye uwezo akiongeza gunia la maharagwe kama sadaka, siku zitaongezeka. Na kwa yatima na mtoto wa maskini, sahani yake ilipwe na jumuiya kimya kimya, bila orodha ya kubandikwa ukutani.

Ya pili: "Mtawanyima riziki mama wanaouza langoni." Hatutaki hilo kabisa. Wale ni mama zetu na dada zetu, na wengi wao wanasomesha watoto kwa biashara hiyo hiyo. Tunachoomba ni shule ikae nao na ikubaliane nao. Mama anayeuza mandazi anaweza kuuza pia mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, mahindi ya kuchemsha na vipande vya avoka. Wao pia wanaweza kuwa wa kwanza kuajiriwa kama wapishi wa kantini. Na kama sambusa zitaendelea kuuzwa, basi mafuta yasiwe yale yaliyokaangiwa tangu juzi.

Ya tatu: "Muda hautoshi, mitihani inakaribia." Hoja hii tunaielewa, maana sisi pia tunataka watoto wafaulu. Lakini mtoto aliyekaa saa nne mfululizo hasikii tena anachofundishwa. Robo saa ya kukimbia haiibi somo. Inamrudisha darasani akiwa macho. Kipindi cha mazoezi kimo katika ratiba, ila mara nyingi ndicho cha kwanza kutolewa sadaka mwalimu wa hesabu anapotaka kumalizia mada.

Ya nne: "Shule yetu haina uwanja." Kuruka kamba hakuhitaji uwanja. Ua wa shule unatosha kwa kamba, kwa mbio fupi za kupokezana na kwa mazoezi ya viungo. Mara moja kwa wiki, shule mbili au tatu zinaweza kuungana na kuomba nafasi katika uwanja ulio karibu. Kumbukeni kwamba Vénuste Niyongabo, aliyeiletea Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki kwa kushinda mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, ni mtoto wa nchi hii hii yenye viwanja vichache.

Ya tano, na ndiyo nzito zaidi: "Wasichana je?" Katika baadhi ya shule na madrasa zetu, wavulana wakitoka kucheza mpira, wasichana hubaki wameketi kwenye kivuli wakiwatazama. Wakifika umri wa miaka 12, hata kuruka kamba wanaacha. Tunasema wazi kwamba hili si haki, na wala dini haikuamuru hivyo. Stara ni wajibu, na inaweza kuhifadhiwa: wapangiwe muda wao, ua uliofungwa, mwalimu mwanamke, na nguo pana za kuchezea zenye kuwasitiri. Francine Niyonsaba alileta medali ya fedha ya mita 800 kutoka Rio mwaka 2016, na Burundi nzima ilifurahi. Hatusemi kila binti awe mwanariadha. Tunasema binti huyu kesho ni mama, atabeba mimba na kunyonyesha, na mifupa yake inajengwa sasa hivi.

TUNAOMBA MAMBO HAYA

Kwa wakuu wa shule na wa madrasa tunaomba yafuatayo:

1. Maji safi ya kunywa yawepo bure kwa kila darasa, na pawepo mahali pa kunawia mikono kwa sabuni kabla ya kula. Hatujasahau kipindupindu kilichotangazwa Bujumbura Januari 2023.

2. Soda, barafu za rangi na peremende zisiuzwe ndani ya eneo la shule, na wauzaji wa langoni wasaidiwe kubadilisha bidhaa zao.

3. Mlo wa moto uanze walau siku mbili kwa wiki, wenye maharagwe, mboga za majani na ndagala, chini ya kamati ya wazazi na walimu itakayosoma hesabu ya mapato na matumizi hadharani kila mwezi.

4. Kipindi cha mazoezi kiheshimiwe kama kipindi cha hesabu, na mtoto asinyimwe mchezo kama adhabu.

5. Wasichana wapangiwe muda na mahali pao pa kuchezea, kwa stara.

6. Madrasa za mchana ziwape watoto robo saa ya kucheza kabla ya kuanza, hasa wale waliotoka shule moja kwa moja.

Na sisi wazazi tusiwaachie walimu mzigo wote. Mtoto hawezi kukatazwa soda shuleni kisha akirudi nyumbani anakuta katoni chini ya meza. Tuanze kwa kupunguza sukari kwenye chai kidogo kidogo, kijiko kimoja leo na nusu yake baada ya mwezi, ulimi utazoea. Tumwamshe mtoto mapema ili ale kitu kabla ya kutoka: kiazi kitamu cha jana, yai, au uji wa mtama. Siku ambazo shule hazisomi, baba achukue watoto wake wote, wa kiume na wa kike, watembee pamoja asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwa kufanya hivyo baba naye atapata dawa ya presha yake.

Kwenu wanafunzi, wadogo zetu: msingoje wakubwa. Mkiwa watatu wenye kamba moja, mna mchezo. Mkichanga faranga zenu, mnaweza kununua mkungu wa ndizi badala ya biskuti. Na ukimwona mwenzako hana kitu wakati wa mapumziko, mpe kipande chako. Hilo pia ni somo, na ujira wake uko kwa Allah.

Mwaka wa masomo huanza Septemba, na mikutano ya wazazi huitishwa muda mfupi baadaye. Tunamwomba kila msomaji wetu aende kwenye mkutano huo na aulize maswali mawili tu mbele ya wote: watoto wetu wanakula nini hapa, na wanacheza saa ngapi? Wakiuliza wazazi wawili, mkuu wa shule atasikiliza. Wakiuliza 20, litawekwa kwenye ajenda.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya njema, elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na atujaalie sisi wazazi kuwa wachunga wema wa amana aliyotukabidhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.